Chakula Kizuiacho Kutu Mwilini mwa Mifugo

Kila mkulima ajua kwamba jembe likiachwa nje mvuani hushika kutu, na kwamba samli ikiwekwa wazi siku nyingi huchacha na kutoa harufu mbaya. Mambo haya mawili huonekana kuwa mbalimbali, lakini asili yake ni moja. Katika hewa mna oksijeni, nayo ina tabia ya kushikana na vitu vingine na kuvigeuza. Ikisaidiwa na maji, hula chuma hata kikawa vumbi jekundu. Ikiingia katika mafuta, huyaharibu ladha na harufu. Wataalamu wameonyesha kwamba jambo la namna hiyo hiyo hutokea ndani ya mwili wa ng'ombe, kondoo, nguruwe na kuku, kila siku ya maisha yao.

Mnyama hawezi kuishi bila oksijeni. Kwa hiyo mwili wake huunguza chakula polepole ili kupata nguvu, joto, nyama na maziwa. Lakini kama vile moto wa jikoni usivyokosa cheche, ndivyo na moto huu wa mwilini usivyokosa cheche zake. Chembe ndogo sana za mwili, ziitwazo seli, zimezungukwa na utando ambao sehemu yake kubwa ni mafuta. Cheche moja ikiangukia mafuta hayo, huharibu kipande kimoja, nacho kikaharibu cha jirani yake, na hicho kikaharibu cha tatu, mfano wa moto wa nyika wakati wa kiangazi.

Mwenyezi Mungu hakuumba mwili bila walinzi. Vimo vitu vinavyozima cheche hizo kabla hazijaenea, navyo kwa jumla huitwa antioksidanti. Baadhi yake mwili hujitengenezea wenyewe. Nyingine hazina budi kutoka katika chakula. Zikipungua, mnyama aweza kushiba kila siku na bado akaugua, na mfugaji asijue ni kitu gani kilichokosekana katika hori lake.

PANYA WASIOZAA

Habari za walinzi hao zilianza kujulikana katika nchi ya Marekani. Mwaka wa 1922 mabingwa wawili wa Chuo Kikuu cha California, Herbert Evans na Katharine Bishop, walikuwa wakiwalisha panya chakula kilichotengenezwa kwa vitu safi vilivyopimwa. Panya hao walikua vizuri wakaonekana wazima. Majike yalishika mimba kama desturi, lakini mimba zile zilikufa tumboni. Walipopewa majani mabichi ya saladi, au kiini cha punje ya ngano, walizaa tena watoto wazima.

Ikawa dhahiri kwamba mna kitu fulani katika majani mabichi na katika kiini cha nafaka ambacho hakikujulikana mbele. Kikaitwa vitamini E. Mwaka wa 1936 watu wa Evans walifaulu kukitoa kitu hicho katika mafuta ya kiini cha ngano, nacho kikapewa jina tokoferoli, lililoundwa kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya kuleta uzazi.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1931, mabingwa wengine wawili wa New York, Pappenheimer na Goettsch, walieleza ugonjwa wa ajabu wa vifaranga. Vifaranga walioonekana wazima waliyumba ghafula, wakaanguka ubavu, wakapinda shingo na kunyosha miguu. Ubongo wao ulipopasuliwa ulionekana umevimba na kuvuja damu. Baadaye ilijulikana kwamba kilichopungua ni vitamini E, na kwamba mafuta yaliyochacha katika chakula huuleta ugonjwa huo upesi zaidi, kwa maana mafuta mabovu huila vitamini hiyo kabla haijaingia mwilini mwa kifaranga.

SUMU ILIYOGEUKA CHAKULA

Mlinzi wa pili ana historia ya ajabu zaidi. Seleniamu ni kitu cha asili kilichomo katika mawe na udongo. Kiligunduliwa mwaka wa 1817 huko Sweden na bingwa aitwaye Berzelius, akakipa jina la mwezi katika lugha ya Kiyunani. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja seleniamu haikuwa na sifa njema kwa wafugaji. Katika miaka ya 1850 daktari mmoja wa jeshi la Marekani katika ngome ya Fort Randall, nchi ya Dakota, aliandika habari za farasi waliopukutika nywele za shingo na mkia, kwato zao zikapasuka na kuachana na miguu. Katika miaka ya 1930 wachunguzi wa huko South Dakota walijua sababu: mimea ya nchi ile ilikuwa imefyonza seleniamu nyingi kupita kiasi kutoka ardhini.

Basi seleniamu ilihesabiwa kuwa sumu tupu. Mwaka wa 1957 fikira hiyo ilipinduliwa. Klaus Schwarz, bingwa aliyetoka Ujerumani na kufanya kazi katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alionyesha kwamba panya waliokuwa wakifa kwa kuoza ini waliponywa kwa kupewa seleniamu kidogo sana katika chakula. Kitu kile kile kilichoua farasi wa Dakota kiliokoa panya wa Maryland. Tofauti ilikuwa katika kipimo.

WANA-KONDOO WA OREGON

Wakati huo wafugaji wa kondoo wa jimbo la Oregon walikuwa katika taabu. Wana-kondoo wao walizaliwa wazima, lakini baada ya majuma machache walianza kutembea kwa miguu mikavu kama vijiti. Wengine walishindwa kusimama wakanyonye. Wengine walikimbia kidogo tu malishoni wakaanguka na kufa. Walipochinjwa na kutazamwa, misuli yao, na mara nyingine moyo wenyewe, ilikuwa na michirizi myeupe, kama nyama iliyokwisha chemshwa. Kwa ajili hiyo ugonjwa uliitwa ugonjwa wa misuli myeupe.

Jambo lililowashangaza watu ni kwamba mama zao hawakuwa na njaa. Walilishwa majani makavu ya lusini, ambayo kila mfugaji huyahesabu kuwa chakula bora. Ila lusini hiyo ilikuwa imeota katika udongo uliokuwa na seleniamu haba. Mmea hauwezi kutoa kisichokuwamo ardhini, na mama hawezi kumpa mwanawe asichokula.

Mwaka wa 1958 Muth na wenzake watatu wa chuo cha Oregon walitangaza matokeo ya majaribio yao. Kondoo majike waliolishwa lusini hiyo hiyo, lakini ikiongezwa seleniamu sehemu 1 tu katika sehemu milioni 10 za chakula, walizaa wana-kondoo wasiopatwa na ugonjwa. Ni kiasi cha gramu moja katika tani kumi za majani makavu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa haba yenyewe ilitosha kutenga uzima na kifo.

Ilibaki kujulikana ni kazi gani seleniamu hufanya. Jibu lilipatikana mwaka wa 1973, wakati mabingwa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipoonyesha kwamba seleniamu ni sehemu ya kimeng'enya kimoja cha mwilini kinachovunja vitu vikali vitokanavyo na oksijeni na kuvigeuza kuwa maji na vitu vingine visivyodhuru. Kimeng'enya hicho hakiwezi kufanya kazi bila seleniamu, kama bunduki isivyoweza kufanya kazi bila risasi.

JINSI WALINZI WANAVYOGAWANA KAZI

Yafaa kueleza namna walinzi hao wanavyosaidiana, kwa maana mfugaji akilifahamu jambo hilo hatadanganywa upesi na wauzaji wa dawa.

Vitamini E hukaa katika mafuta ya utando wa seli, mahali pale pale cheche zinapoangukia. Kazi yake ni kukata moto njiani usipite kwa jirani. Vimeng'enya vyenye seleniamu hufanya kazi hasa katika majimaji ya mwili, navyo hupunguza cheche kabla hazijafika katika utando. Kwa hiyo seleniamu ikiwa ya kutosha, vitamini E haitumiki upesi. Na vitamini E ikiwa nyingi, upungufu mdogo wa seleniamu hauonekani mapema. Lakini mmoja hawezi kushika kazi yote ya mwenzake. Nyumba yenye mlango imara na dirisha lililovunjika bado huingiwa na mwizi.

Wapo na walinzi wengine. Mwaka wa 1969 McCord na Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waligundua kazi ya kimeng'enya kinachozima namna nyingine ya cheche za oksijeni. Kimeng'enya hicho kina shaba na zinki ndani yake, na ndugu yake mmoja ana manganizi. Kwa sababu hiyo madini hayo nayo huhesabiwa katika ulinzi wa mwili. Vitamini C pia husaidia, lakini ng'ombe, kondoo, nguruwe na kuku hujitengenezea wenyewe mwilini, tofauti na binadamu ambaye lazima aipate katika matunda na mboga. Karotini, ile rangi ya njano iliyomo katika karoti, mahindi ya njano na majani mabichi, husaidia pia, na mwili wa mnyama huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na ngozi.

HASARA ZIONEKANAZO NA ZISIZOONEKANA

Katika ndama, upungufu wa seleniamu na vitamini E huonekana kwa ukavu wa miguu, udhaifu wa kunyonya, kupumua kwa haraka, na mara nyingine kifo cha ghafula baada ya kukimbia, kwa kuwa moyo nao ni msuli. Katika ng'ombe jike, dalili mojawapo ni kondo la nyuma kukataa kutoka baada ya kuzaa. Likikaa kwa muda wa siku nzima, huoza, tumbo la uzazi huingia uchafu, maziwa hupungua, na ng'ombe hukawia kushika mimba tena.

Jambo jingine ni ugonjwa wa kiwele. Seli nyeupe za damu ndizo askari wanaopigana na vijidudu vinavyoingia katika chuchu. Askari hao huua vijidudu kwa kutumia cheche zile zile za oksijeni, kama silaha. Asiyejikinga huumizwa na silaha yake mwenyewe. Kwa hiyo seli hizo zikikosa vitamini E na seleniamu, hudhoofika upesi. Majaribio yaliyofanywa katika jimbo la Ohio na kutangazwa mwaka wa 1984 yalionyesha kwamba ng'ombe waliopewa vitamini E ya ziada walipatwa na ugonjwa wa kiwele mara chache kuliko wenzao, na waliopewa pamoja na seleniamu waliugua muda mfupi zaidi.

Kwa upande wa nguruwe, vijana wanaokua upesi huweza kufa ghafula kwa ugonjwa wa moyo au wa ini. Liko na jambo ambalo kila mfugaji wa nguruwe yafaa alijue. Ni desturi njema kuwadunga vitoto vya nguruwe sindano ya madini ya chuma katika siku za kwanza, ili wasipungukiwe na damu. Lakini chuma huzidisha cheche mwilini. Ikiwa mama yao alikosa vitamini E na seleniamu alipokuwa na mimba, baadhi ya vitoto vyaweza kufa baada ya sindano ile ile iliyokusudiwa kuwaokoa. Mfugaji hulaumu sindano, na kumbe kosa lilianza horini, kabla vitoto havijazaliwa.

Kuku nao, mbali na ugonjwa wa ubongo uliokwisha tajwa, huweza kuvimba chini ya ngozi ya kifua kwa maji ya rangi ya kijani na buluu. Lakini hasara kubwa huwa haina dalili ya waziwazi: mayai yasiyoanguliwa, ndama wanaokua polepole, ng'ombe wanaopandishwa mara tatu na nne bila kushika mimba. Hasara ya namna hii haimshtui mtu siku moja, bali humla mwaka hata mwaka.

Hapana budi kuonya kwamba dalili hizi zafanana na za magonjwa mengine mengi. Kondo la nyuma laweza kukaa kwa sababu ya ugonjwa wa kutupa mimba, na ndama aweza kulala kwa kuumwa viungo. Mtu asiamue kwa macho peke yake. Daktari wa mifugo aweza kuchukua damu ya wanyama wachache, au kipande cha ini cha mnyama aliyekufa, na kukipeleka maabara kipimwe.

MAJANI MABICHI NA MAJANI MAKAVU

Ghala kubwa la vitamini E na karotini ni majani mabichi. Ng'ombe anayelisha penye nyasi changa za masika hupata ya kutosha bila mfugaji kutoa senti moja. Shida huanza majani yanapokatwa. Jua kali, mvua inayonyesha juu ya majani yaliyokatwa, na kukaa ghalani miezi mingi, huondoa sehemu kubwa ya vitamini hizo. Majani makavu yaliyobaki na rangi ya kijani na harufu nzuri yana zaidi kuliko yale yaliyogeuka kuwa meupe kama nyasi za paa. Mabua makavu ya mahindi hujaza tumbo, lakini vitamini hizo ni haba sana ndani yake.

Fikiri basi habari za ng'ombe wa maziwa afungwaye zizini katika wilaya za milimani za Kenya. Mwezi wa Mei hukatiwa nepia mbichi. Mwezi wa Februari, kiangazi kikiwa kikali, hupewa mabua na majani makavu ya kununua. Akizaa mwishoni mwa kiangazi, huzaa katika wakati ambao ghala la mwili wake limekwisha. Vitamini E haipiti kwa wingi kutoka kwa mama hata kwa ndama aliye tumboni, bali ndama huipata hasa katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Kwa hiyo ndama aliyekosa dang'a katika saa za kwanza amekosa mambo mawili kwa pamoja: kinga ya magonjwa na vitamini. Na mama asiyekuwa nayo hawezi kuiweka katika dang'a yake.

Mfugaji mwenye busara hutenga sehemu ndogo ya nepia, lusini, au majani ya viazi vitamu, ikatwe mbichi kwa ajili ya ng'ombe walio karibu kuzaa. Majani ya kukaushwa hukatwa yangali machanga, hugeuzwa upesi, na kuwekwa ghalani penye kivuli mara yanapokauka, wala hayaachwi juani siku nyingi.

CHAKULA KILICHOCHACHA

Adui wa pili wa vitamini E ni mafuta mabovu. Dagaa, ambao kando ya Ziwa Victoria huitwa omena, ni chakula chenye nguvu sana kwa kuku na nguruwe. Lakini mafuta ya samaki huchacha upesi kuliko mafuta mengine mengi. Pumba za mchele na viini vya mahindi navyo vina mafuta, na baada ya kusagwa hewa huingia kila mahali. Chakula kilichochacha hupoteza vitamini E yake, kisha huila na ile ya vyakula vingine vilivyochanganywa nacho.

Nguvu ya jambo hili yaonekana katika usafiri wa unga wa samaki baharini. Oksijeni ikishikana na mafuta ya unga huo, hutoa joto, na joto likiongezeka ndani ya meli shehena yaweza kuwaka moto yenyewe. Kwa hiyo sheria za usafiri wa meli zataka unga wa namna hiyo utiwe antioksidanti kabla ya kupakiwa. Kwa miaka mingi dawa iliyotumika sana ilikuwa ethoksikwini. Mwaka wa 2017 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ruhusa ya kuitumia katika chakula cha mifugo kwa kuwa usalama wake haukuwa umethibitishwa vya kutosha, na watengenezaji wakageukia njia nyingine, kati yake vitamini E yenyewe.

Mkulima mdogo hana haja ya dawa hizo. Anunue chakula cha majuma machache tu, si cha nusu mwaka. Akiweke juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu pasipo joto, na kwanza atumie gunia lililotangulia. Kabla ya kununua omena, anuse. Samaki mwenye harufu ya kuwasha pua, au unga wenye ladha chungu kama samli ya zamani, si rahisi hata kama bei yake ni nusu.

UDONGO HAUFANANI

Mahali pengine kosa si la majani wala la ghala, ni la ardhi. Nchi za New Zealand na Finland zina sehemu kubwa zenye seleniamu haba. Finland iliamua mwaka wa 1984 kutia seleniamu katika mbolea ya mashamba yote, na kwa njia hiyo ikafika katika nyasi, katika maziwa, na katika miili ya watu. Katika Uchina, sehemu kadha zilipatwa na ugonjwa wa moyo wa watoto na wanawake, uitwao kwa jina la wilaya ya Keshan, na upungufu wa seleniamu ulionekana kuwa sababu yake kubwa.

Kenya nayo yafahamu kwamba ardhi yaweza kuuguza mifugo. Maradhi ya kukonda ya ng'ombe, yaliyopewa jina la Nakuru kwa kuwa yalionekana huko, yalitokana na uhaba wa madini ya kobalti. Katika miaka ya 1960 madaktari wa mifugo walieleza pia ugonjwa wa wana-mbuzi na wana-kondoo wa Kenya waliolegea miguu ya nyuma kwa upungufu wa shaba. Majirani wawili wanaotenganishwa na bonde moja waweza kuwa na udongo usiofanana. Kwa hiyo mtu asiige dawa ya jirani yake kabla ya kujua hali ya shamba lake.

HATARI YA KUZIDISHA

Hapa ndipo panapotakiwa uangalifu mkubwa. Mtu akisikia kwamba kidogo chafaa, hudhani kwamba kingi chafaa zaidi. Seleniamu haisamehe kosa hilo. Mwezi wa Aprili mwaka 2009, huko Florida katika Marekani, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa karibu kwa wakati mmoja, baada ya kudungwa mchanganyiko wa vitamini na madini. Uchunguzi ulionyesha kwamba mchanganyiko ule ulitengenezwa kwa kosa, ukawa na seleniamu kupita kiasi. Farasi hao walikuwa wa thamani kubwa na watunzaji wao walikuwa hodari, lakini kosa la kipimo halikuwaachia nafasi.

Ilikuwa mwaka wa 1974 serikali ya Marekani ilipokubali kwa mara ya kwanza seleniamu itiwe katika chakula cha nguruwe na kuku. Baadaye kiasi cha juu cha kuongezwa katika chakula kiliwekwa kuwa miligramu 0.3 kwa kila kilo. Katika gunia la kilo 70 hiyo ni miligramu 21, kiasi kidogo sana. Hakuna mkulima awezaye kupima kiasi hicho kwa kijiko na kukichanganya sawasawa kwa koleo. Kwa sababu hiyo seleniamu tupu isinunuliwe wala isichanganywe nyumbani. Njia ya salama ni chumvi ya kulamba au chakula kilichotengenezwa na kiwanda chenye kuaminika, chenye karatasi inayoeleza vilivyomo, na chenye alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa. Sindano ya seleniamu na vitamini E ni kazi ya daktari wa mifugo, ambaye huihesabu kwa uzito wa mnyama.

Inafaa vilevile kuangalia kwamba mnyama asipewe seleniamu kwa njia tatu kwa pamoja, katika chumvi, katika chakula cha gunia, na katika sindano, bila mtu kuzijumlisha. Shaba nayo ina hatari yake: chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe yaweza kuwa na shaba ya kutosha kumuua kondoo, ambaye ini lake huikusanya kidogo kidogo hata siku ya kuzidiwa.

YAMPASAYO MFUGAJI

Kwa jumla, mambo yanayotakiwa si mengi wala si ya gharama kubwa. Kwanza, majani mabichi kila siku yanapopatikana, hasa kwa mnyama mwenye mimba katika majuma yake ya mwisho. Pili, majani makavu yaliyokatwa mapema na kuhifadhiwa kivulini. Tatu, chakula kipya kisichochacha. Nne, chumvi ya madini ipasayo aina ya mnyama, iwekwe mahali asipoharibiwa na mvua. Tano, dang'a kwa kila ndama mara azaliwapo. Sita, kitabu kidogo cha kuandika tarehe za kupandishwa, za kuzaa, kondo la nyuma lililokataa kutoka, na ndama waliokufa.

Kitabu hicho chaweza kuwa chombo chenye faida kuliko vyote. Ng'ombe mmoja akipatwa na shida ya kondo, yaweza kuwa bahati mbaya. Watatu kati ya kumi wakipatwa katika msimu mmoja wa kiangazi, kitabu kitasema wazi kwamba liko jambo katika chakula au katika udongo, na daktari akiitwa atakuwa na mahali pa kuanzia. Wafugaji wa Oregon walipoteza wana-kondoo kwa miaka mingi kabla sababu haijajulikana. Mfugaji wa leo sababu anaijua tayari. Kilichobaki ni kutazama hori lake, kunusa gunia lake, na kupima kabla ya kudunga.